Nani Aumie? Mhadhara juu ya sheria za dawa za kutawanya mafuta baharini



Tarehe 20 Mei 2010 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, lilitangaza amri kwa kampuni ya BP. Mwezi mmoja kabla, mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa umelipuka katika Ghuba ya Mexico, watu 11 wakafa, na kisima cha Macondo kikabaki kinabubujisha mafuta kutoka kina cha mita 1,500 hivi. BP ilikuwa ikinyunyiza juu ya mafuta hayo kwa ndege, na kuingiza chini kabisa kwenye mdomo wa kisima, dawa iitwayo Corexit. Amri ilisema hivi: ndani ya saa 24 chagueni katika orodha ya serikali dawa yenye sumu ndogo kuliko hiyo, ndani ya saa 72 muanze kuitumia. BP ikajibu kwa barua. Dawa nyingine, ilisema, ama hazipatikani kwa wingi unaohitajika, ama zina mashaka yake. Ikaendelea na Corexit. Saa 72 zikapita.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama jeuri ya kampuni kubwa mbele ya serikali. Jeuri ilikuwepo, sibishi. Lakini someni ile barua kwa utulivu na mtaona kwamba kwenye jambo moja BP haikusema uongo: ghalani palikuwa na Corexit. Serikali ilipotoa amri yake mafuta yakiwa tayari baharini, ilikuwa inachagua kutoka kwenye rafu ambayo watu wengine walishaipanga miaka mingi kabla. Hoja yangu jioni ya leo ni kwamba sheria ya dawa hizi huwa imeshaandikwa, kwa uzuri au kwa ubaya, kabla ya tone la kwanza kumwagika. Na swali inalolijibu, hata kama walioiandika hawakulitamka, ni nani aumie.

Nieleze kwanza dawa yenyewe inafanya nini, maana kuna watu wanaodhani inayamaliza mafuta. Haiyamalizi. Ndani yake mna kiyeyusho na viambato ambavyo molekuli zake zina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, kazi ileile ya sabuni kwenye sufuria iliyopikiwa pilau. Ikinyunyizwa juu ya utando wa mafuta, na mawimbi yakautikisa, utando hukatika kuwa matone madogo sana, chini ya maikroni 70, ambayo hayana nguvu ya kupanda tena juu. Hubaki yakielea ndani ya maji, hutawanyika, na bakteria hupata eneo kubwa la kuyala. Kipimo kinachozoeleka ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu 20 za mafuta. Muda nao ni mfupi: mafuta yakikaa juani, yakipoteza sehemu zake nyepesi na kuchanganyika na maji hadi kuwa uji mzito, dawa haiyapenyi tena. Ni suala la saa, pengine siku moja au mbili.

Kwa hiyo yale yaliyokuwa juu ya maji sasa yamo ndani ya maji. Ndege wa baharini anapata nafuu, kasa anayeinua kichwa kuvuta pumzi anapata nafuu, mikoko inapata nafuu. Anayebeba mzigo sasa ni yai la samaki, lava wa kamba, na kila kiumbe kinachochuja maji ili kiishi. Daktari wa baharini hajaponya mtu hapo. Amehamisha ugonjwa kutoka kitanda kimoja kwenda kingine. Wakati mwingine ni uamuzi wa busara kabisa. Ila ni uamuzi, na wanaoathirika nao wana haki ya kujua ulifanywa na nani na kwa kigezo gani.

Waingereza walijifunza hili kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Machi 1967 meli ya Torrey Canyon, imebeba tani 119,000 hivi za mafuta ghafi ya Kuwait, ilipanda mwamba wa Seven Stones baina ya Cornwall na visiwa vya Scilly. Nchi haikuwa na mpango wa maana. Ilikuwa na sabuni za viwandani, na ikazimwaga: tani 10,000 hivi, baharini na hasa ufukweni, askari wakiviringisha mapipa juu ya majabali na kumimina. Iliyotumika sana ni BP1002, bidhaa ya kampuni ileile iliyokuwa imeikodi meli. Kiyeyusho chake kilikuwa na sumu kali kuliko mafuta yaliyokuwa yakisafishwa. 

Wanasayansi wa maabara ya bahari ya Plymouth waliweka kando utafiti wao mwingine wote wakaenda kukagua fukwe. Walichokikuta ndicho kilichozaa sheria. Palipomiminwa sabuni nyingi, konokono wa mwambani, wale wenye gamba lililochongoka ambao kazi yao ni kukwangua mwani, walikufa wote. Mwani ukaota bila mlaji, majabali yakageuka kijani, na kwenye sehemu zilizoumia zaidi ilichukua miaka 10 hadi 15 kurudi hali ya zamani. Pale Godrevy, ambako sabuni iliepukwa kwa kuhofia kuwadhuru sili, mafuta yaliachwa na ufuo ukapona kwa miaka miwili au mitatu. Tiba ilikuwa imeua kuliko ugonjwa, na ushahidi ulikuwa wazi kwa yeyote aliyeweza kutembea kutoka ghuba moja hadi ya pili.

Kanuni zilizofuata Uingereza zina alama ya majabali hayo. Dawa haiingii kwenye orodha kwa kuwa inatawanya mafuta tu. Kuna jaribio la bahari, linalofanywa kwa kamba: mafuta yaliyochanganywa na dawa hayaruhusiwi kuua kuliko mafuta peke yake. Kuna na jaribio la ufuo wa majabali, linalofanywa kwa konokono walewale: dawa peke yake isiwe na madhara kuliko mafuta peke yake. Anayefeli hapiti. Na hata dawa iliyopita, ukitaka kuinyunyiza kwenye maji yenye kina kisichofika mita 20, au ndani ya maili moja ya baharini kutoka maji ya kina hicho, unahitaji ruhusa mahsusi. Napenda kanuni hii kwa sababu imetaja kina, umbali na mnyama. Ofisa aliyeamshwa saa nane usiku anaweza kuifuata bila kumtafuta profesa.

Corexit nayo ilipelekwa kwenye jaribio la konokono, ikafeli. Ikaondolewa kwenye orodha ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2010 magazeti ya Marekani yalipoligundua hilo yakapiga kelele: mbona Waingereza wameikataa nasi tunaimwaga kwa mamilioni? Kelele hizo zilikosea kidogo, na kosa lenyewe lina somo. Jaribio la konokono ni la ufuo. Kisima cha Macondo kilikuwa umbali wa kilomita 66 hivi kutoka pwani ya Louisiana. Haiwezekani kuuliza kama dawa ni mbaya bila kuuliza ni mbaya wapi.

Marekani sheria yenyewe iliuliza swali hilo. Sheria ya Maji Safi, kama ilivyofanyiwa marekebisho na Sheria ya Uchafuzi wa Mafuta ya mwaka 1990, baada ya ajali ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez kule Alaska, inataka orodha ionyeshe mambo matatu: dawa zipi zinaweza kutumika, katika maji yapi, na kwa kiasi gani ambacho ni salama kwa maji hayo. Bunge lilisema maji yapi na kiasi gani. Orodha ya EPA iliyokuwa inatumika mwaka 2010 ilijibu la kwanza tu. Mtengenezaji alitakiwa kuonyesha kwamba dawa yake inatawanya angalau asilimia 45 ya mafuta ndani ya chupa ya maabara. Vipimo vya sumu alitakiwa kuviwasilisha, lakini hapakuwa na kikomo. Dawa ingeweza kuwa kali namna gani na bado ikaorodheshwa, mradi karatasi zimekamilika. Kuhusu viambato, angeweza kudai ni siri ya biashara. Na kanuni iliwataka wauzaji waandike tamko kwamba kuwemo kwenye orodha hakumaanishi EPA imeidhinisha wala kupendekeza bidhaa hiyo. Yaani serikali iliandaa orodha na papo hapo ikanawa mikono kuhusu orodha hiyo.

Orodha ya namna hiyo ni daftari la waliojiandikisha. Lakini wakati wa janga daftari hugeuka kibali. Timu za kanda za kukabili umwagikaji wa mafuta zilikuwa zimeshatoa ruhusa ya awali kwa Ghuba ya Mexico: mbali ya maili tatu za baharini na kwenye kina cha kuanzia mita 10, msimamizi wa tukio anaweza kuruhusu dawa yoyote iliyomo kwenye orodha bila kuomba tena. Kwa meli iliyopasuka na kumwaga shehena yake mara moja, hiyo ni kanuni nzuri, kwa sababu saa ni chache. Walioiandika hawakufikiria kisima kitakachobubujika siku 87. Hawakuweka kikomo cha siku wala cha lita. Wala hapakuwa na mtu aliyefikiria dawa kuingizwa kwenye sakafu ya bahari, kilomita moja na nusu chini, mahali ambapo hakuna mawimbi wala jua, na ambako hakuna aliyewahi kujaribu kwa kiwango hicho.

EPA ilijikuta ikitunga kanuni mafuta yakiwa yanatoka. Mei 10 ikatoa amri ya kupima maji ya kina. Mei 20 ikatangaza ile ya saa 72 niliyoitaja. Tarehe 26 Mei, pamoja na Walinzi wa Pwani, ikatoa ya tatu: matumizi yapunguzwe kwa asilimia 75 kutoka kilele chake, ya chini ya bahari yasizidi galoni 15,000 kwa siku, na ya juu yakome isipokuwa kwa nadra, kwa maombi ya maandishi. Hiyo nadra mwaijua ilikuwaje? Mbunge Edward Markey alipodai nyaraka, alihesabu vibali 74 katika siku 48. Kisima kilipozibwa tarehe 15 Julai, galoni milioni 1.84 zilikuwa zimetumika, takriban lita milioni saba, na karibu lita milioni tatu kati ya hizo ziliingizwa chini kwenye kisima.

Je, ilisaidia? Nitajibu kwa uaminifu kadiri ushahidi unavyoruhusu, na wa pande zote mbili watanikasirikia. Mafuta mengi hayakufika kwenye mabwawa ya Louisiana, na dawa ilikuwa na sehemu yake katika hilo. Wapo watafiti wanaoonyesha kwamba kuingiza dawa chini kulipunguza mvuke wenye sumu uliokuwa unawafikia wafanyakazi juu ya meli. EPA yenyewe ilipima dawa nane majira yale ya kiangazi na kukuta kwamba mafuta yaliyochanganywa na dawa hayakuwa na sumu kupita mafuta peke yake kwa wanyama iliowapima. Upande wa pili, kiambato kimoja cha Corexit kilifuatiliwa na kukutwa kimenaswa ndani ya wingu la mafuta lililotanda kina cha kilomita moja hivi, na miezi miwili baada ya unyunyizaji kukoma kilikuwa bado kipo. Na utafiti mkubwa wa afya ya waliofanya kazi ya usafishaji, uliowafuatilia watu zaidi ya 30,000, ulikuta kwamba waliokutana na dawa walilalamika zaidi kuhusu kikohozi, kifua kubana, macho na ngozi kuwasha. Wafanyakazi hao, wengi wao wavuvi waliokodishwa pamoja na boti zao, hawakuwa na mnyama wao kwenye jaribio lolote la chupa.

Mngetarajia kanuni irekebishwe mwaka uliofuata. Rasimu ilitoka 2015. Makumi ya maelfu ya maoni yakaja, kisha faili likalala. Mwaka 2020 watu wa Alaska na Louisiana pamoja na mashirika ya mazingira wakaishtaki EPA kwa kukaa kimya, na mahakama ya shirikisho huko California ikaona wana hoja: wajibu wa kuweka mpango katika hali inayokwenda na wakati si hisani ya shirika. Kanuni ya ufuatiliaji ikatoka Julai 2021: dawa ikiingizwa chini ya bahari, au ikiendelea kutumika juu kwa zaidi ya saa 96, basi kuna vipimo vya lazima vya maji na taarifa za kila siku. Kanuni ya orodha ikatoka Juni 2023. Sasa kuna kikomo cha sumu, majaribio ya uwezo yamekuwa magumu zaidi, na mtengenezaji hawezi tena kuficha majina ya viambato. Anachoweza kuficha ni vipimo vya mchanganyiko wake. Dawa za zamani zilipewa miezi 24 kurudi kupimwa upya. Tangu kisima kipasuke hadi kanuni hiyo ni miaka 13. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa ameingia sekondari.

Nisogee nyumbani, maana yote haya yatatuhusu kwa namna ya pekee kabisa. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Katika joto la kawaida la chumba yanaganda. Ndiyo maana bomba lote linapashwa moto, likae kwenye nyuzi 50 hivi, ili yatembee. Bahari ya Tanga haifiki joto hilo hata kaskazi ikichoma vipi. Maana yake, mafuta haya yakimwagika yataganda kuwa mabonge na mapande, na dawa ikinyunyiziwa juu ya nta iliyoganda huteleza na kusombwa na maji. Itakuwa tumeongeza kemikali baharini bila kutawanya chochote. Mpango wowote ulioazimwa kutoka Ghuba ya Mexico, ambako mafuta ni mepesi, utakuwa mpango wa bahari nyingine na mafuta mengine.

Lakini msiondoke hapa mkidhani jibu ni kupiga marufuku. Kwenye magati na maji yetu yanapita pia mafuta ya dizeli, mafuta mazito ya meli, na mafuta ghafi ya wengine yanayopita nje ya Pemba kwenda zake. Hayo hayafanani. Dizeli mara nyingi huyeyuka hewani yenyewe, dawa ni ya nini? Mafuta ghafi mepesi yanayoelekea kwenye mikoko ni habari nyingine. Kuna jaribio moja ambalo kila mtu anayeshughulika na pwani kama yetu anapaswa kulijua. Mwaka 1984, Panama, watafiti walimwaga mafuta kwa makusudi kwenye sehemu mbili zinazofanana, zenye mikoko, majani ya bahari na matumbawe. Sehemu moja mafuta yalichanganywa na dawa, nyingine yaliachwa yalivyo. Wakarudi kupima kwa miongo. Palipotumika dawa, matumbawe na fukulile waliumia vibaya mwanzoni, kisha wakarudi taratibu. Palipoachwa mafuta matupu, matumbawe yalinusurika, lakini mikoko ilikufa, na miaka 10 baadaye ilikuwa bado inakufa, kwa sababu mafuta yalikaa kwenye tope na kuvuja kidogo kidogo.

Sasa twambieni, watu wa Tanga: mikoko au matumbawe? Msinijibu zote. Usiku wa ajali hakuna zote. Tukumbuke hori ya Makupa, Mombasa, mwaka 1988, tangi lilipotoboka na tani 5,000 hivi za mafuta kuingia majini. Mikoko iliyokufa pale haikusubiri kikao. Na mbele ya Tanga kuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki anayekaa kwenye kina kirefu. Mvuvi wa pweza anayetembea mwambani bamvua likitoka ana jibu lake, mchuuzi wa kaa wa mikokoni ana lake, na mwendesha gati ana lake. Nani kati yao ameshaulizwa?

Ninachotaka kuona kwenye mpango wa taifa ni kazi ya kawaida, isiyo na picha nzuri za gazetini. Mafuta ya Hoima yapimwe maabara kwenye maji ya chumvi ya joto la Tanga, kwa kila dawa ambayo mtu anataka kuiweka ghalani, na matokeo yatangazwe pamoja na majina ya viambato. Dawa isiyofaulu kwa mafuta yetu isiruhusiwe kuhifadhiwa, maana tumeona 2010 kwamba kilichohifadhiwa ndicho kinachotumika. Ramani ichorwe yenye mstari wa kina na umbali, kama walivyofanya Waingereza, na ndani ya mstari huo pasinyunyiziwe bila sahihi ya ofisa aliyetajwa kwa cheo. Ruhusa ya awali iwe na mwisho wake wa saa na wa lita. Anayemiliki mafuta asiwe ndiye anayechagua dawa, wala anayeuza dawa asiwe ndiye anayeipima. NEMC, wasimamizi wa mazingira, na TASAC, wasimamizi wa usafiri wa meli, wagawane kazi hii kwa maandishi, ili wasianze kutafutana kwa simu.

Na ile ramani isiishie Dodoma. Ibandikwe kwenye diko la Chongoleani na kwenye ofisi za vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) kutoka Moa hadi Pangani, kwa Kiswahili, ikiwa na namba ya kupiga simu, kabla meli ya kwanza haijafunga kamba kwenye gati. Wenye boti waambiwe mapema pia kama watakodishwa kunyunyiza, watavaa nini, na nani atalipa hospitali.